Pogona akipinda shingo, akitetemeka au akianguka chali: jinsi ya kumtunza nyumbani

Naandika hii kwa ndugu zetu walioko huku Marekani, Uingereza na kwingineko, ambao watoto wamewaomba wee mpaka wakakubali kumfuga yule mjusi mwenye ndevu za miiba. Kwa Kiingereza ni bearded dragon, ila wafugaji wengi wanamwita pogona na mimi nitatumia hilo maana linakaa vizuri mdomoni mwetu. Asili yake ni nyika kavu za katikati ya Australia. Kama umekulia Mwanza basi ndugu yake unamjua, ni yule mjusi wa kwenye mawe mwenye kichwa chekundu anayepiga kichwa juu chini, ukoo wao ni mmoja.

Wetu anaitwa Babu, kwa sababu ya ndevu. Tulimchukua kwa familia iliyokuwa inahama, akiwa na mwaka mmoja hivi, pamoja na tanki lake na taa zake, tukaona tumepata kila kitu. Kumbe ile taa ya UVB, yaani ile inayotoa miale kama ya jua ambayo mwili wake unaihitaji ili kutumia kalsiamu, ilishachoka zamani, inawaka vizuri tu lakini miale hiyo haitoi, na sisi hatukujua hata kama taa inaweza kuwaka na huku imekufa. Baada ya miezi michache tukaanza kuona vidole vya miguu ya nyuma vinachezacheza vyenyewe akiwa amelala kwenye jiwe lake, kidogo tu, kama mtu anavuta uzi kwa chini. Mwanangu akasema Babu anaota. Afu asubuhi moja ya Januari, nje baridi ya Minnesota ile ya kukata pumzi, nikamkuta amelala ubavu, kichwa kimevutwa nyuma mpaka kisogo kinakaribia mgongo, macho darini, na nilipomgusa akaanza kwenda kinyumenyume akizunguka kama pia. Hiyo ni miaka 3 iliyopita. Babu yupo, anakula, wiki hii ana gramu 412, na shingo bado imepinda.

Kwa hiyo kitu ninachotaka ukishike kabla ya vyote ni hiki, shingo kupinda au mwili kutetemeka ni dalili tu, nyuma yake kuna sababu, na baadhi ya hizo sababu zinatibika ukiwahi. Watu wengi wanaona mjusi anatazama juu wanaamua kichwani mwao kwamba ni kile kirusi kisicho na dawa, basi wanakaa kusubiri afe, na kumbe mnyama alikuwa anataka kalsiamu na taa.

Kwanza jua kipi ni kawaida

Pogona ana vituko vyake ambavyo mgeni anaweza kudhani ni kifafa. Ananyanyua mkono mmoja taratibu anauzungusha kama anakupungia, hiyo ni salamu ya unyenyekevu, hasa wadogo. Anapiga kichwa juu chini, hiyo ni ubabe wa madume. Anakaa chini ya taa amefungua mdomo, hiyo ni kupunguza joto. Ndevu kuwa nyeusi ni hasira au woga au maumivu, lazima uangalie na mengine. Na wakati wa baridi, pogona mkubwa anaweza kulala wiki kadhaa hataki chakula, huo ni usingizi wa msimu, ila akiamka anakaa sawa na anatembea sawa.

Ambacho si kawaida ni vidole au mkia kutikisika vyenyewe, miguu kutetemeka akitembea, taya kuwa laini kama mpira, kichwa kukaa upande mmoja au kuvutwa nyuma na kisirudi, kuzunguka duara, kuanguka chali na kushindwa kujigeuza, kumlenga mdudu na kumkosa kila mara, kuburuta miguu ya nyuma, na degedege lenyewe. Ukiona hata kimoja usisubiri kije cha pili. Vile vidole vya Babu vilitupa taarifa wiki kadhaa mapema na hatukujua kuisoma.

Akishikwa na degedege

Hapa fanya vitu vichache tu. Zima taa ya joto iliyo juu yake, maana hawezi kujiondoa na anaweza kuungua huku anatetemeka, acha chumba kiwe na mwanga hafifu. Toa mawe na matawi yaliyo karibu au msogeze taratibu juu ya taulo. Usimkandamize, usimtie kitu mdomoni, usimmwagie maji wala kumnyweshea. Washa saa ya simu uhesabu dakika, na mtu mwingine achukue video, kwa sababu ukifika kwa daktari huwa mjusi ametulia kabisa kama hajafanya kitu, na video ya sekunde 30 inamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako yote.

Likizidi dakika 5, au likirudi tena siku hiyohiyo, hiyo ni dharura, toka uende. Likiisha mwache apumzike mahali penye joto la wastani, kama nyuzi 28 hivi za Selsiasi (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), na usimpe chakula mpaka awe macho kabisa na anamudu kumeza.

Kitu kingine cha kuuliza palepale ni je, amekula nini? Vimulimuli ni sumu kali kwa pogona, hata mmoja tu anaweza kumuua, na huku kiangazi watoto wanavikamata uani jioni kwenye chupa kwa raha zao, mtoto mwenye nia njema anaweza kumletea mjusi wake zawadi. Parachichi pia hapana. Na dawa ya kupuliza mbu au viroboto, ile ya mbwa na paka, ikimfikia yeye au wadudu wake inaweza kuleta kutetemeka hukohuko. Ukihisi sumu mwambie daktari kwenye simu kabla hujafika.

Daktari gani, na umuulize nini

Daktari wa mbwa na paka mara nyingi hawajui hawa. Sisi wa kwanza alimwangalia Babu kwa mbali akasema wajusi ndivyo walivyo wakizeeka, na Babu alikuwa hajafika hata miaka 2, wakati hawa wanaishi miaka 10 mpaka 15 wakitunzwa. Niliumia sana siku ile. Usikubali jibu la namna hiyo. Kuna chama cha madaktari wa wanyama watambaao na amfibia, kifupi chake ARAV, kwenye tovuti yao unatafuta daktari kwa eneo unaloishi, na hapo ndipo tulipompata wa pili.

Yeye alifanya mambo kwa mpangilio. Eksirei kwanza, mifupa ikaonekana myembamba imefifia kama kivuli. Damu kupima kalsiamu, ikawa chini. Hiyo ni ile hali ya mifupa kulainika, fikiria matege ya watoto wasiopata jua, ila kwa pogona haishii kwenye mifupa kwa sababu misuli na mishipa ya fahamu nayo inahitaji kalsiamu ili ifanye kazi, ikipungua kwenye damu ndipo vidole vinacheza, afu miguu, afu degedege. Alimdunga sindano ya kalsiamu, akatupa ya maji ya kumpa kwa mdomo kila siku, pamoja na sindano ya vitamini B1, yaani thiamini, kwa kuwa upungufu wa hiyo nao unapindisha shingo na huwapata zaidi wale wanaolishwa mboga za friza kila siku.

Afu akachukua kinyesi kupeleka maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi kiitwacho adenovirusi. Hiki ndicho kile kirusi watu wanachokiogopa. Kinapita kwa kinyesi, kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, kinaua zaidi pogona wachanga, wakubwa wengine wanakaa nacho miaka bila dalili yoyote, na dawa ya kukiua haipo wala chanjo. Majibu ya Babu yalirudi anacho. Daktari akanieleza vizuri, akasema kutetemeka kulitokana na kalsiamu na kutaisha, shingo pengine ni kirusi au pengine ni mabaki ya yote mawili, tutaona. Baada ya wiki 5 au 6 kutetemeka kukaisha kweli. Shingo ikabaki, inazidi siku akiwa na woga au akiwa amechoka, inapungua akiwa ametulia.

Kuna sababu nyingine ambazo daktari atazipima, kama kuanguka na kuumia kichwa au uti wa mgongo, maambukizi kwenye sikio au damu, joto kupita kiasi, jike mwenye mayai ambaye kalsiamu yote imekwenda kwenye mayai, figo, na wengine wamezaliwa hivyo hasa wale wanaozalishwa ndugu kwa ndugu kutafuta rangi. Ukienda, beba picha ya tanki, picha ya taa na jina lake, orodha ya chakula, na tarehe uliyonunua taa. Usije ukamdunga mwenyewe kitu wala kumjazia vitamini kwa kukisia. Vitamini D3 ikizidi inapandisha kalsiamu mpaka inaganda kwenye viungo vya ndani, vitamini A nayo ikizidi ni sumu.

Kama ni baridi, pasha gari moto kwanza. Mimi namweka kwenye boksi la kubebea vinywaji baridi, lile la plastiki nene, ndani taulo na chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye soksi, kifuniko naacha wazi kidogo.

Tanki la mgonjwa

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, nageuza watu wasioweza kujigeuza, nalisha wasioweza kushika kijiko, na siku ile nilipoliangalia tanki la Babu kwa jicho la kazini nikaona kila kitu kilichokuwa pambo kimekuwa hatari. Tawi la kupanda, ataanguka. Bakuli la maji la kina, atazama. Mchanga, ataumeza akilamba na ukimwingia machoni hawezi kujifuta.

Kwa hiyo toa vyote. Chini tandika taulo lisilo na nyuzi zinazoning'inia, kucha zinanasa, au karatasi za jikoni. Badala ya jiwe refu weka kitu bapa cha chini, mimi nilichukua kigae kimoja cha sakafuni nikakiinua kwa sentimita 4 tu na mbele nikaweka mteremko wa ubao uliovalishwa kitambaa ili apate kukanyaga bila kuteleza. Pembeni weka taulo ndogo zilizokunjwa kama magogo, mjusi anayeangukia upande mmoja akipata kitu cha kuegemea kifua anatulia mara moja, utamwona hata macho yanalegea.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndipo wengi wanakosea. Ukishatoa matawi, mjusi amekaa chini, na taa zako zilipimwa kwa ajili ya mjusi aliyekuwa juu. Amekuwa mbali na UVB na mbali na joto. Lazima uzishushe taa au uinue sakafu. UVB nzuri ni ile tyubu ndefu nyembamba iitwayo T5, iliyoandikwa asilimia 10 au 12, inayofunika angalau nusu ya tanki, siyo kile kiglopu kilichojikunja, na umbali wake mpaka mgongoni kwa mjusi ni kama sentimita 30 mpaka 40, soma karatasi ya kampuni iliyotengeneza. Wavu wa kufunikia unakula karibu theluthi ya ile miale. Kioo kinaizuia karibu yote, kwa hiyo dirisha la sebuleni lenye jua halisaidii kitu upande huo hata kama anafurahia kukaa hapo. Na kila baada ya miezi 12 badilisha, hata kama inawaka. Mimi naandika tarehe kwa kalamu ya maka kwenye ncha ya tyubu yenyewe.

Joto ndiyo la kuangalia zaidi. Mzima anaota jua kwenye nyuzi 38 mpaka 42 na akishiba joto anasogea. Wako hawezi kusogea, au anasogea vibaya, pengine anazunguka mpaka anaishia palepale chini ya taa. Nilishusha sehemu ya joto ya Babu mpaka nyuzi 36 hivi, upande wa baridi 26, na mwezi wa kwanza nilikuwa namsogeza kwa mkono, dakika 30 jotoni, afu pembeni, afu narudia, kabla ya zamu yangu na baada ya zamu, mchana mwanangu. Pima kwa themometa yenye waya au ile bunduki ya miale, siyo ile ya mshale kama saa inayobandikwa kwenye ukuta wa tanki. Joto litoke juu. Mikeka ya umeme na mawe ya umeme toa kabisa, mnyama ambaye mishipa ya fahamu imeharibika anaweza kuungua tumbo asihisi.

Usiku giza, taa nyekundu si lazima na zinamsumbua. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 18 tumia hita ya kauri isiyotoa mwanga, na themostati yake.

Kitu kimoja zaidi kuhusu tanki, pogona ana kijicho kidogo juu ya utosi, ukiangalia karibu utaona kama doa la rangi hafifu, hakioni picha ila kinahisi mwanga na kivuli. Mkono ukishuka kutoka juu anahisi ni ndege amekuja kumla. Kwa mzima ni kushtuka tu, kwa huyu wako ni shingo kujivuta nyuma na kuanza kuzunguka. Ingiza mkono kutoka ubavuni, chini, taratibu, atauona, afu mshike kifua na mapaja kwa pamoja. Tangu tubadilishe hilo tu, Babu alipunguza kuzunguka zaidi ya nusu.

Kumlisha

Usimlishe akiwa baridi. Awe amekaa jotoni saa moja au mbili ndiyo ale, na baadaye tena apate joto, bila hivyo chakula kinakaa tumboni kinaoza.

Mjusi mwenye shingo iliyopinda anamwona mdudu lakini ulimi unakwenda kando. Akikosa mara 4, 5, anakata tamaa, ndevu zinakuwa nyeusi, na watu wanasema hataki kula. Anataka sana. Usimrushie nyenje wakimbie humo ndani, hawezi kuwakamata na usiku watamtafuna yeye. Tumia koleo ndogo ya plastiki au mpira, na wadudu laini wa polepole, viwavi wa hariri, wale viwavi wanene wa kijani wanaouzwa kwenye vikopo, na funza wa nzi chuma, walewale ambao kule nyumbani sasa watu wanawafuga kulisha kuku, hao wana kalsiamu nyingi kuliko karibu wadudu wote wanaouzwa. Mende wa dubia ni wazuri pia ila kwa mgonjwa mkate kichwa kwanza.

Mimi namfanya hivi. Namkalisha mapajani juu ya taulo, mkono wa kushoto chini ya kidevu, kidole gumba upande ambao shingo inaelekea, simlazimishi inyooke, nampa tu mahali pa kuegemea. Afu kiwavi nakileta kutoka upande ule ambao jicho lake linakiona vizuri, kwa Babu ni kulia, nakisimamisha sentimita 2 mbele ya mdomo, kimya, bila kukichezesha. Anakiangalia. Kichwa kinaanza kuyumba kidogo, kinatafuta. Ukivumilia bila kusogeza mkono, kile kichwa kinatulia sekunde moja, ulimi unatoka, na hapo ndipo unakisukuma kiwavi mbele kidogo kikutane na ulimi. Siku za mwanzo ilituchukua dakika 40 kwa viwavi 3. Sasa dakika 10 anamaliza.

Mboga ni rahisi zaidi kwetu kuliko kwa Wazungu, kwa sababu mboga yake bora kabisa ni sukuma wiki, ile ile ya chakula chetu, ina kalsiamu nyingi. Majani ya haradali, majani ya boga na boga lenyewe lililokunwa, vyote vizuri. Spinachi na mchicha punguza sana maana vina kitu kinachoifunga kalsiamu isitumike mwilini. Kata nyembamba kama ya kupika, afu mshikie mbele ya mdomo. Pogona mkubwa chakula chake kikubwa ni majani, wadudu ni kidogo, ila mgonjwa aliyekonda wadudu ongeza mpaka uzito urudi. Unga wa kalsiamu usio na fosforasi nyunyiza kwenye chakula, wenye D3 ni kwa ratiba ya daktari tu.

Akishindwa kabisa kula, kuna unga maalumu wa wanyama wagonjwa, daktari atakuambia upi na kiasi gani, unachanganywa na maji ya vuguvugu unaingia kwenye sirinji ya mililita 1. Tone moja weka pembeni mwa mdomo, kwenye mstari wa midomo, ngoja alambe, ameze, afu tone lingine. Njia ya hewa ya pogona iko karibu sana, mwanzoni tu pale nyuma ya ulimi, ukisukuma sirinji yote kwa mkupuo inaingia mapafuni na hapo umemuua kwa chakula. Kichwa kikiwa kimevutwa nyuma usimpe kabisa, subiri kirudi chini. Nimeshaona video nyingi watu wanafungua taya kwa nguvu, na taya lenye mifupa laini linavunjika.

Maji na kuoga

Maji mpe kwa matone juu ya pua, siyo ndani ya matundu, au kwenye ncha ya mdomo, atalamba mwenyewe. Kumwogesha kwenye beseni kunasaidia kupata choo, maji ya nyuzi 32 mpaka 35, kina chake kisizidi viwiko vyake, na mkono wako uko chini ya kidevu muda wote, wote kabisa, hata simu ikilia. Mjusi wa namna hii akirusha kichwa nyuma anaweza kujigeuza chali ndani ya maji ya sentimita 3. Dakika 10 zinatosha, afu mfute vizuri, rudi jotoni. Beseni liwe lake, lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Hawa wanabeba salmonela, kwa hiyo mikono sabuni kila ukimgusa, na kama una mtoto chini ya miaka 5 asimshike kabisa.

Akikosa choo siku nyingi huku miguu ya nyuma imelegea mpigie daktari, kinyesi kilichoziba nacho ni tatizo.

Daftari

Nunua mzani wa jikoni wa gramu na daftari. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kula mpime. Akipoteza asilimia 10 ya uzito rudi kwa daktari, usisubiri mifupa ya kiuno ionekane. Kila siku andika alichokula, choo, degedege kama lipo na dakika zake, na shingo ikoje leo. Mimi shingo naipa namba, 0 imenyooka, 3 kisogo mgongoni. Ukurasa kwa ukurasa ndiyo nikagundua Babu anapata 3 siku ambazo jirani anakata nyasi kwa mashine, ule mtetemo unapita sakafuni, basi siku hizo tanki linafunikwa shuka upande wa dirisha na anakaa kimya. Bila daftari nisingeona kamwe.

Kama una pogona mwingine

Mtenganishe leo. Chumba kingine kama unacho, koleo lake, bakuli lake, taulo zake, na unamhudumia mzima kwanza ndiyo unakuja kwa mgonjwa. Wadudu waliobaki kwake usiwahamishie kwa mwenzake. Kirusi hiki ni kigumu, unaondoa kinyesi kwanza, unaosha kwa sabuni, afu jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 10 unaacha dakika 10, unasuuza mpaka harufu iishe, mjusi akiwa nje muda wote. Na kipimo cha adenovirusi kikirudi hana, daktari anaweza kutaka kurudia, kwa sababu kirusi hakitoki kwenye kinyesi kila siku. Mwenye nacho asizalishwe wala asiuzwe, hata kwa mtu anayesema hajali.

Siku mbaya

Zitakuwepo. Kuna wiki moja mwaka jana Babu alipata degedege mara 3 na hakula siku 6, nikamuuliza daktari waziwazi kama muda umefika. Akaniuliza mimi maswali, anakula mwenyewe siku ngapi kwa wiki, anafungua macho ukiingia, anatafuta taa, anaweza kupumzika bila kuhangaika? Niliangalia daftari, siku nyingi zilikuwa nzuri kuliko mbaya, tukabadilisha dawa akainuka. Siku mbaya zikizidi nzuri kwa wiki kadhaa, daktari ana sindano ya kumlaza bila maumivu. Ile habari ya kumweka kwenye friza ambayo watu wanaambizana, usifanye, anaumia.

Watoto waambie ukweli tangu mwanzo. Mwanangu anajua Babu ana kirusi na anajua maana yake, na ndiye anayenikumbusha kalsiamu.

Kiangazi nje kukifika nyuzi 27 na kuendelea, hakuna upepo, mtoe apate jua lenyewe, hakuna taa inayoshinda hilo. Usimtoe ndani ya tanki la kioo, linakuwa oveni kwa dakika chache. Mimi natumia kikapu cha nguo chenye matundu, nusu yake nimefunika kanga ipate kivuli, chini taulo, ile taulo ya kuegemea upande wa kushoto, na mimi nakaa kwenye kiti pembeni na chai yangu kwa sababu mwewe wa huku hawana aibu. Dakika 15 mpaka 20. Rangi yake inabadilika mbele ya macho, anakuwa wa njano ya mchanga, anajitandaza bapa kama chapati, na mara nyingi hapo ndipo ninapoandika 0 kwenye daftari.